Mlima Uliotupotea Ziwani Naivasha

Mnamo Julai 1958, saa nne na robo asubuhi, mimi Kipketer wa kidato cha pili niligundua mlima chini ya Ziwa Naivasha. Naandika bila majivuno. Majivuno niliyamaliza yote siku ile ile.

Darasa letu lilikuwa limepiga kambi ufukweni kwa kazi ya jiografia: kupima kina cha ziwa kwa kamba yenye fundo kila futi tatu na kipande cha chuma mwishoni. Kila tulipokishusha, chuma kiligonga chini kwenye futi thelathini. Kisha, yadi hamsini kaskazini mwa kisiwa cha mafunjo, kikagonga futi tisa. Nikarudia mara tano. Futi tisa! Nikauchora mlima wangu kwenye ramani.

Mwalimu wetu, Bwana Wasike, aliitazama ramani kama mtu aliyekuta nyoka kitandani.

"Kipketer, muhula uliopita nani alimvalisha mbuzi wa mkuu wa shule tai yangu?"

"Mimi, bwana. Lakini mlima huu ni wa kweli."

"Hata mbuzi alikuwa wa kweli."

Akatoa mfukoni barua aliyokwisha kumwandikia baba yangu, mpasua mbao kule Elburgon: mzaha mmoja zaidi, nifukuzwe shule.

"Kesho naenda kupima mwenyewe. Mlima usipokuwepo, barua inapanda gari moshi."

Asubuhi, Owino, mpiga makasia wetu, akatupeleka kisiwani. Yadi hamsini kaskazini mwake, nikashusha kamba. Thelathini. Thelathini. Thelathini na tatu. Mlima ulikuwa umeondoka bila kuaga. Bwana Wasike akaupapasa mfuko wenye barua. Nilianza kunusa vumbi la mbao.

"Mzee Owino," nikalia, "si jana tulikuwa hapa?"

"Hapana. Jana tulikuwa kule." Akaonyesha mbali, upande wa pili kabisa. "Lakini mmesema niwapeleke kisiwani. Kisiwa si ndicho hiki?"

"Kisiwa kimehama?" akauliza Bwana Wasike.

"Ni mafunjo tu yanaelea, mwalimu. Upepo ulivuma usiku. Kwani kwenu visiwa vinakaa tu?"

Tukaenda kule. Chuma kikagonga futi tisa. Bwana Wasike akaninyang'anya kamba, akapima mwenyewe mara nne, kisha akacheka mpaka mtumbwi ukayumba.

Karatasi aliyokuwa nayo ni moja tu. Akaigeuza ile barua, akachora mlima mgongoni mwake, safari hii akiweka alama mahali pake kwa kulenga kilele cha Mlima Longonot na tangi la maji la shamba moja, vitu ambavyo havielei.

"Mgunduzi ndiye hutoa jina," akasema. "Na uangalie unachosema."

"Mlima Wasike, bwana."

Owino akakohoa. Mwalimu akaliandika kwa herufi kubwa kuliko zote.

Ramani imebandikwa ukutani darasani. Upande wa barua unatazama ukuta, na kila asubuhi mimi hukagua gundi.