Mashine ya Mke Wangu na Kopo la Grisi

Mimi nimetengeneza baiskeli tangu meno yangu yakiwa yote kinywani. Na baiskeli ikilia unaipaka grisi, inanyamaza, basi. Ndiyo elimu yangu nzima hiyo. Sasa mtu wa namna hii ukimwachia mashine ya kufulia, unategemea nini?

Mashine yenyewe binti yetu alimnunulia mama yake, kwa sababu vidole vimemkakamaa, hata soksi hawezi kukamua. Siku moja ikagoma. Unafunga mlango, unabonyeza, taa zinawaka, lakini maji hayaingii, pipa halizunguki. Inakutazama tu kama mkwe aliyenuna.

Mke wangu hakungoja, akampigia binti. Mara simu ikaletwa kwangu.

"Baba, usiiguse hiyo mashine. Jumamosi nakuja kumchukua mama akae kwangu. Kwa mikono ile hawezi kurudi kwenye beseni. Na wewe nakujua."

"Unanijua vipi, mama?"

"Redio uliifungua, ukaifunga, skrubu zikabaki kiganja kizima."

"Na inaongea mpaka leo!"

"Inaongea stesheni moja, baba."

Nikarudisha simu. Jumamosi yenyewe keshokutwa. Jamani, nyumba bila mke wangu mimi siijui. Hata chumvi inakaa wapi naulizaga. Nikachukua bisibisi.

Nikaanza na soketi. Nikachomeka pasi, ikashika moto. Nilijuaje? Niliigusa. Basi umeme upo. Nikachomoa waya wa mashine ukutani, hapo nina akili kidogo, nikaifungua mgongo. Nikakuta mkanda unaozungusha pipa, kama cheni ya baiskeli vile! Nikafurahi kama nimekutana na ndugu. Nikaukagua mpaka jua likageuka. Haukuwa na ubaya wowote, ila ndicho kitu pekee nilichokielewa mle ndani.

Mke wangu alikuwa amekaa juu ya ndoo, ananitazama.

"Mzee Grisi," maana ndivyo anavyoniita, "zamani ukibonyeza, mlango ulikuwa unasema tk, halafu maji yanaingia. Siku hizi hausemi."

"Tangu lini?"

"Tangu uliponyamazisha ule mlio."

Ni kweli, mlango ulikuwa unalia nwii, nwii. Nikapaka grisi bawaba, nikapaka ndoano, nikapaka na kile kitundu inamoingia ndoano, nikaishindilia kwa kidole mpaka ikafurika. Halafu nikatembea kutwa nzima najisifu.

Nikalegeza raba ya mlangoni, nikatoa kitasa. Kumbe kitasa ni swichi vilevile: mlango ukijibana, vyuma vidogo ndani vinagusana, ndipo umeme unaruhusiwa kwenda kwenye maji na mota. Vya kwetu visingegusana hata vingetaka. Vilikuwa vimezama kwenye grisi iliyokorogeka na sabuni ya unga, tope tupu.

"Kimeungua?" akauliza.

"Hakijaungua. Kimenenepa."

Nikakisugua kwa spiriti na mswaki. Mswaki wangu, maana wa mwenzangu nisingethubutu, wakati nataka asiondoke.

Jumamosi asubuhi kilikuwa kimekauka vizuri. Nikakirudisha, na hakuna skrubu iliyobaki. Hilo ndilo lililonitia wasiwasi. Nikatupia nguo za kwenye tenga, nikavua na nilizovaa maana zilijaa grisi, nikajifunga shuka. Nikachomeka waya, nikafunga mlango, nikabonyeza.

Kimya.

Halafu, tk.

Maji yakaanza kuingia, pipa likageuka, na mimi nikageuka nalo, nacheza na shuka langu. Binti akanikuta hivyohivyo, kasimama mlangoni na begi tupu.

"Shikamoo, ba... Baba, nguo ziko wapi?"

"Zinafuliwa," nikasema, na nikaonyesha kwa kidole kama mwenye kiwanda.

Akamtazama mama yake. Mama yake akacheka mpaka akashika ukuta.

"Rudi na begi lako, mwanangu. Kufua naweza sasa. Na huyu nikimwacha, atapaka grisi mpaka jiko."

Lakini begi halikurudi tupu. Lilikwenda na kopo langu la grisi.

Mlango umeanza kulia tena, nwii, nwii. Nausikia. Nakaa juu ya mikono yangu, nauacha ulie.