Gramu Arobaini za Giligilani

Odilon alizikwa Jumanne. Alhamisi mjane wake, Godelieve, alimkabidhi Firmin, ndugu wa marehemu, daftari la mapishi lenye madoa ya bia.

"Alisema wewe ndiye utakayeipika," alimwambia. "Ya misa ya wiki ya sita. Siku ya mazishi watu walikunywa kahawa. Safari hii wanywe bia yake."

"Mimi? Niliyeiita maji ya kufulia?"

"Alisema Firmin anajua kusoma kilichoandikwa, shemeji."

Firmin alikuwa amefundisha kemia mjini Tienen miaka thelathini na minne, na hakuamini chochote kisichopimika kwenye mizani, misa za wafu zikiwemo. Hata hivyo kalenda ilieleweka: wiki moja ya kuchacha kwenye pipa, wiki nne za kukaa chupani ili gesi ijijenge. Mkupuo ulikuwa mmoja tu. Ukiharibika, hapakuwa na muda wa mwingine.

Jumamosi asubuhi alitundika koti lake jeusi, la pekee alilokuwa nalo la majira ya baridi, kwenye mlango wa chumba cha kufulia ambamo Odilon alipikia. Nusu ngano mbichi, nusu kimea cha shayiri, maji ya nyuzi sitini na sita kwa saa nzima; kisha akachuja na kuchemsha. Daftari lilikuwa na busara mpaka dakika kumi za mwisho. Maganda makavu ya danzi, lile chungwa chungu, gramu ishirini. Mbegu za giligilani, gramu arobaini.

Arobaini, kwa lita ishirini! Kwa miaka mingi Firmin alimweleza ndugu yake kwamba kumi na tano zinatosha, na kwamba zikizidi sana bia hunuka sabuni. Krismasi ya miaka minane iliyopita alilisema hilo mezani mbele ya wageni, na tangu siku hiyo Odilon hakumpa tena chupa.

Alipima arobaini, akazitwanga. Kumi na tano akazitia sufuriani. Zilizobaki alizifunga kwenye karatasi na kuzitia mfukoni mwa koti. Hakuliona kuwa usaliti. Aliliona kuwa sahihisho, kama yale aliyoyaandika kwa wino mwekundu maisha yake yote.

"Umetia arobaini?" Godelieve aliuliza kutoka uani, alikokuwa akiosha chupa.

"Nimetia kama ilivyoandikwa."

Siku ya misa, kanisani, joto la miili ya watu liliamsha harufu mfukoni mwake. Padri alipolitaja jina la Odilon, Firmin alikuwa akinusa giligilani, na hakuweza kunusa kingine.

Katika ukumbi wa parokia chupa zilifunguliwa. Kila mtu alimimina sehemu kubwa, akaitikisa chupa, kisha akamalizia na lile wingu la hamira iliyotuama chini. Sus, jirani aliyefuga njiwa wa mashindano pamoja na marehemu, alikunywa wa kwanza.

"Tamu hii," akasema. Akanywa tena. "Mbona tamu hivi? Sabuni iko wapi?"

Watu wakacheka.

"Msicheke, jamani. Bia ya Odilon ukiinywa unaondoka umeshaoga." Akaichungulia bilauri yake, na sauti ikamshuka. "Nilidhani nitamkuta humu."

Hakuna aliyecheka tena. Godelieve alimgeukia shemeji yake.

"Ulitia ngapi?"

"Kumi na tano."

"Nyingine?"

Firmin alitoa ile karatasi. Godelieve aliifungua, akaiinamia. Mabega yake, yaliyokuwa yamesimama wima kwa wiki sita, yalianza kutikisika. Sus alimsogezea kiti.

"Kuna misa ya mwaka," Godelieve alisema hatimaye, bila kuinua uso.

"Arobaini," akajibu Firmin.

"Wala sikulazimishi uipende."

"Sitaipenda, shemeji."

Godelieve aliikunja karatasi, akaitia mkobani mwake. Firmin akaimaliza bia yake. Haikuwa na kasoro hata moja.