Waliokuwa Ukutani

"Mama, shuka hapo. Lori linasubiri."

"Linasubiri nini? Ukuta umeanguka wenyewe, haujaomba usafiri."

Utingo akacheka, dereva hakucheka. Rivkabai aliketi juu ya kifusi, miguu kaikunja ndani ya sari iliyolowa hadi magotini, mgongo wima kama bibi harusi anayepigwa picha. Mvua ya Bombay ilikuwa imenyesha kwa hasira usiku kucha, na alfajiri ukuta wa kusini wa makaburi ya Wayahudi ukalala chini wote, kuanzia kisimani hadi karibu na lango. Sasa barabara na makaburi vilitazamana uso kwa uso. Watu wa basi walikuwa wakichungulia. Mbuzi wa jirani hawakuchungulia. Waliingia moja kwa moja kula majani juu ya marehemu.

Kuwafukuza mbuzi ndiko kulikomtoa Rivkabai chumbani. Alipoinama kuokota jiwe la kumtishia beberu, akaona kwamba jiwe lina maandishi.

Yalikuwa ya Kimarathi, herufi nene, zimeenda mshazari kama zilizochongwa na mtu aliyezoea kushika jembe. Mvua ilikuwa imeziosha. Akageuza jiwe la pili: tupu. La tatu lilikuwa na jina. Aliposikia lori likirudi kinyumenyume langoni, akapanda juu ya kifusi akaketi.

Aliketi akijua anachohatarisha. Chumba cha langoni alichoishi tangu afariki mumewe, Bension mchimba makaburi, kilikuwa chake kwa hisani ya kamati ya makaburi tu. Na lori limeletwa na kamati.

Haikupita muda mwenyekiti wa kamati mwenyewe akafika, mwavuli mkononi, suruali imekunjwa. Hayim Chincholkar alikuwa karani mstaafu wa reli, na hakuna kilichomuudhi kama kitu kinachochelewa kuondoka.

"Rivkabai! Unataka watu waseme Wayahudi wa Bombay tumepatwa na wazimu?"

"Waseme, kaka Hayim. Hawa walio chini yangu ni watu."

"Ni kifusi! Nataka kiondoke leo, fundi Yunus aanze ukuta mpya wa saruji kabla mbwa hawajahamia humu."

"Njoo usome kwanza. Ukishasoma ukaniambia bado ni kifusi, nitashuka, na ufunguo wa chumba nakupa."

Alishangaa kusikia maneno hayo yakimtoka kinywani. Hayim naye alishangaa. Akafunga mwavuli, akachuchumaa kwa shida huku magoti yakilia, na kusogeza uso karibu na jiwe alilomwonyesha. Akasoma kwa sauti, polepole, kidole kikifuata mistari.

"'Hapa amelala Yakobai, mke wa Abaji mkamua mafuta. Alipika vizuri.'"

Akarudia mstari wa mwisho. Halafu bega lake likaanza kutikisika, na Rivkabai akadhani analia, kumbe mzee wa watu anacheka.

"Alipika vizuri! Huyo Abaji alikaa na njaa siku ngapi hata akaandika hivyo?"

"Mpaka akamchongea jiwe," Rivkabai alisema, naye kicheko kikamshika. Utingo akasogea kusikia. Hata dereva akashuka.

Hayim alipojifuta macho hakuinuka. Aliketi palepale kwenye matope, na suruali yake safi.

"Babu yangu alikuwa akisema serikali ilipopanua barabara ilikula safu ya kwanza ya makaburi," alisema. "Mifupa ikahamishiwa kule nyuma, kwenye kaburi moja. Mawe, alisema, hayakuonekana tena. Nyumbani tuliamini yameibwa. Tulikuwa tukimlaani mwizi kila mwaka."

Yunus, fundi mwashi, alikuwa amekuja na mwiko wake na kukuta kazi imesimama. Akapiga goti kwenye msingi uliobaki, akakwangua kwa kucha.

"Hakuna mwizi hapa," alisema. "Tazameni. Ukuta wote una chokaa, lakini mawe haya yenye majina yamewekewa udongo mtupu, na nyuso zimelazwa chini zisichubuke. Fundi anayetaka jiwe lisitoke hafanyi hivi. Aliyewaweka humu alikuwa anawatunza."

Hayim alitazama barabara, mabasi yakipita mahali walipokuwa wamelala wenye majina hayo.

"Na sisi tunafunga mizigo," alisema taratibu. "Kila mwezi familia nyingine inakwenda Israeli. Tukiyasimamisha mawe haya, nani atakuja kuyasoma?"

"Leo umekuja wewe," Rivkabai alisema.

Mwenyekiti akainuka kwa kushika bega la Yunus, akamgeukia dereva. "Beba vipande visivyo na maandishi. Ukikuta hata herufi moja, mwite huyu mama. Yeye ndiye atakayekuambia."

Walishinda humo mpaka jioni, siku hiyo na zilizofuata. Rivkabai alisugua kwa brashi ya makumbi na maji ya kisima. Kila jina lilipojitokeza alilitamka kwa sauti, na Yunus, Mwislamu wa mtaa wa nyuma, akaitikia, "Karibu, karibu," kama anayepokea wageni mlangoni. Ijumaa waliacha mapema kwa ajili ya Sabato. Jumapili mawe yote yalikuwa yamesimama kando ya kaburi lile la pamoja, mengine yameinama kidogo. Hayim alitaka yanyooshwe, Rivkabai akamwambia ayaache.

Wakaja watu wachache, ndio waliobaki. Sala ikasomwa, sinia la malida, chakula cha shukrani, likawekwa katikati: mchele uliopondwa, nazi iliyokunwa, sukari na iliki, matunda na tende pembeni. Rivkabai alikuwa ameiandaa kwa woga safari hii, maana Yakobai alikuwa akitazama. Watu walikula, kisha wakanyoosha sahani tena, na Hayim akageukia jiwe la Yakobai kumwambia kwamba amepata mshindani.

Ukuta mpya ulikuwa bado haujafika magotini. Mwanamke mmoja muuza maua, kapu kichwani, alisimama barabarani akiwatazama.

"Mnasherehekea nini huko?" aliuliza.

Rivkabai akachota malida akajaza sahani, akaenda nayo kwenye ule ukuta mfupi, na yule mwanamke akatua kapu lake, akainua mguu mmoja kuvuka matofali yenye saruji mbichi.