Mfuko wa Mtalaka

Mahakama ilishasema. Hakimu alisoma mbele ya watu: Maduhu ampe mtalaka wake, Klara, matunzo, na kwa kuwa mchimbaji hana mshahara, atoe mfuko mmoja wa mawe ya dhahabu kila mgao unapofanyika kwenye duara lake, lile shimo walilolichimba wakiwa mke na mume. Maduhu aliinamisha kichwa kama yuko kanisani. Tukatoka pale mahakamani Kharumwa tunacheka. Wajinga sisi.

Mgao wa kwanza ulipita, Klara akausikia kwa watu. Akaenda kwa mtendaji wa kijiji. Akaambiwa, "Mama Noela, kachukue mwenyewe, hukumu si unayo?" Akaenda duarani. Akazuiwa kwenye kamba waliyozungushia.

"Mwanamke hafiki mdomoni mwa duara," Maduhu alimwambia. "Dhahabu inakimbia. Mwiko unaujua."

"Basi niletee mfuko hapa."

"Kila mwenye fungu analichukua mdomoni, mwenyewe. Huo nao ndio utaratibu."

Umeona? Haki kapewa, njia ya kuifikia kafungiwa. Na huo mwiko mimi naukumbuka vizuri sana, maana hulala na kuamka Maduhu anapotaka. Mwaka ule wachimbaji walipogoma, ni Klara aliyezungusha winchi kutwa, pale pale mdomoni, Noela mgongoni. Pampu ilinunuliwa kwa ng'ombe wa baba yake. Dhahabu haikukimbia! Imejifunza kukimbia baada ya talaka.

Mgao wa pili tulimsindikiza, mimi na Mwamvua muuza chapati. Asubuhi hiyo mwenye nyumba, kwa deni la kodi, alikuwa amemtolea Klara godoro nje, na kufuli jipya kaweka mlangoni. Bila ule mfuko, hakuwa na pa kulala.

Tukakuta mifuko imeshapangwa. Sostenes, msimamizi wa duara, akanyoosha mkono. "Mayu, mama yangu, ishia hapo hapo."

Klara akaruka kamba. Akaenda moja kwa moja, akakaa juu ya gogo la winchi, akapanga khanga yake vizuri magotini.

Loo! Kelele zilizotoka pale! Kwa sababu mwiko una sharti lake: mwanamke akishafika mdomoni, hashuki mtu mpaka mganga aitwe na mbuzi achinjwe. Wachimbaji waliokuwa wameshajifunga kamba kiunoni wakaanza kujifungua.

"Mnakwenda wapi?" Maduhu akafoka. "Hayo ni maneno tu, shukeni!"

"Maneno tu?" Sostenes akamgeukia. "Si wewe uliyetuapia kwamba duara likivunjiwa mwiko linaua?"

"Tangulia wewe, bosi, sisi tunakuja!" mmoja akadakia, wenzake wakaangua kicheko.

Maduhu akamsogelea Klara, sauti imeshuka. "Mama Noela, unataka kunifilisi?"

"Mwiko ni wako, Baba Noela. Mimi nimekuja kukaa tu. Na kila mgao nitakuja kukaa."

"Mpe chake!" Mwamvua akapayuka kutoka nyuma ya kamba. "Au umeshapata mbuzi wa bure?"

"Mpe, bosi, tufanye kazi!" Sasa walikuwa wachimbaji wenyewe.

Sostenes hakungoja ruhusa. Akabeba mfuko mmoja, akautua miguuni pa Klara. "Haya, Mayu. Inuka sasa."

Klara hakuinuka.

"Huu ni wa leo," alisema. "Wa mgao uliopita uko wapi?"