Falcon ya Kuruka Mlango

Delbert aliisifia Falcon yake ya mwaka sitini na tatu, gari dogo jekundu la paa la turubai, mpaka mate yakamruka. Travis alimwacha apayuke. Mama yake, Loretta, alibebwa na Falcon kama hiyo siku ya harusi yake, na leo Travis alikuja naye kumnunulia.

"Kote Ohio hupati nyingine," Delbert akaapa. "Haijawahi kuonja ile chumvi wanayomwaga barabarani kuyeyusha theluji, inayoozesha magari kwa kutu."

"Basi mfungulie mama aingie."

"Aa, kijana! Gari la wazi halina mambo ya milango. Mnaruka tu, kama enzi zetu."

"Mama ana miaka sabini, mzee. Aruke kama chura?"

Loretta hakungoja. Akafungua mlango, akakaa, akashika usukani, akatabasamu. Travis akajua hapo atanunua tu. Kisha mama akavuta mlango aufunge. Ukagoma. Akaubamiza, ukarudi. Gari lisilo na paa la bati linashikiliwa na sakafu, na sakafu ikishaliwa na kutu, gari linabonyea katikati kama godoro bovu na milango haifungiki tena. Delbert akausukuma mlango kwa goti, jasho linamtiririka.

"Ni bawaba tu, mama!"

"Hili limekula chumvi mpaka limeshiba," Loretta akasema akishuka. "Na wewe mtu mzima unamrusha bibi kizee ili usiumbuke? Twende, Travis. Nimeshalikalia, inatosha."

Walipoondoka, Delbert alikuwa bado ameubana mlango kwa makalio, akipiga kelele kwamba bei inashuka.