Khanga Zilizokatwa Maneno

Abdulrazak wa kampuni ya simu alikuja Kariakoo amevaa suti katika jua la Bongo, akapanda juu ya kreti la soda kuwahutubia wauza khanga. "Mtandao kwa wote!" akasema. Mboni, aliyeuza khanga mtaa huo tangu hajaolewa mpaka akaachika, akamtazama kama anavyotazamwa samaki wa juzi.

"Wote gani?" akauliza.

Maana yeye alikwisha kuona. Kampuni ilitoa bando la bure, nalo lilifungua duka moja tu la mtandaoni, la kampuni yenyewe. Mboni alikuwa na tovuti yake, aliyotengenezewa na mpwa wake, na wateja wake wa Lindi walichagulia humo. Sasa kwa bando la bure haikufunguka kabisa, na kwa bando la kulipia ilizunguka mpaka mtu achoke. Bila watu wa Lindi, kibanda cha Mboni kilikuwa cha kufungwa.

"Mama, hiyo ni foleni tu ya mtandaoni," akasema Abdulrazak. "Ukijiunga nasi unapita."

"Kwa hiyo foleni mmeiweka nyie."

Watu wakacheka, kisha wakajiunga. Wa kwanza alikuwa Awadhi, jirani yake wa ukuta mmoja, aliyepewa fulana akaivaa palepale juu ya shati. Mboni akasonya. Mtu mzima na ndevu zake, kununuliwa kwa fulana! Yeye hakujiunga. Anayeziba njia ya watu wote halafu akakupitisha kwa tabasamu hajakufanyia wema wowote.

Sitara wa Lindi, mteja wake wa miaka, naye akahamia kwa Awadhi. "Da' Mboni, si unajua hali," alisema. "Kule ni bure." Akaagiza doti za kuwatunza wakwe wa binti yake siku ya harusi.

Sasa, waliolitengeneza duka lile walikaa kwenye kiyoyozi wakadhani khanga ni maua. Ili picha zifunguke haraka, wakazikata ukabaki mji tu, ule uwanja wa katikati. Pindo likaenda, na maneno yakaenda nalo. Khanga bila maneno! Hata mtoto wa Kariakoo anajua mwanamke hatoi hela kabla hajasoma. Sitara aliona maua ya zambarau, akayapenda. Awadhi, mwenye akili za fulana, akafunga mzigo.

Harusini mama mkwe akajitanda yake, mashoga zake wakamsomea mgongoni: MANENO MENGI, MKONO WA BIRIKA. Akaivua mbele ya watu, akaondoka na ukoo mzima, pilau ikiwa bado jikoni.

Sitara akapiga simu analia. Mboni akamtolea doti nyingine, akamsomea maneno moja baada ya jingine mpaka wakapata ya kuomba radhi, akautuma mzigo kwa basi. Wakwe wakarudi. Mboni alifurahi, wala hakuficha: sasa watu wa Lindi watamrudia.

Kampuni nayo ikasikia. Abdulrazak akaja na suti ileile na habari njema: maneno ya khanga sasa yataonekana, kwa atakayelipia kidogo. Awadhi akapiga makofi. Mboni akaendelea kukunja khanga zake. Mtu akikuvunja mguu kisha akakuuzia mkongojo, umshukuru?

Bado alimngojea Sitara. Wiki iliyofuata simu ikalia mara moja ikakatika, ili yeye ndiye apige. Akapiga, kwa vocha yake.

"Da' Mboni, mjini huko sina ndugu ila wewe," Sitara akasema. "Kuna khanga ya njano kwa Awadhi, ina michoro ya korosho. Maneno wanataka nilipie. Hebu pita dukani kwake unisomee."

Mboni akatazama kibanda chake kisicho na mteja. Hasira ilimwisha, ikabaki dharau tupu: kwa mwenye suti, kwa mwenye fulana, kwa huyu wa kwenye simu, na kwake yeye mwenyewe aliyekaa kumngojea.

"Ina maneno mazuri sana, mdogo wangu," akajibu bila kuinuka. "Nunua."