Picha ya Odell

Bwana Prentiss, afisa wa habari wa serikali, alikuja Alabama kutoka Washington na kuiweka picha juu ya meza ya kupigia pasi ya Vernell Gaithers, taratibu, kama mtu anayeweka kitu cha kanisa. Ilimwonyesha Odell, mwana wa pekee wa Vernell, amelala barabarani siku ya maandamano ya Weusi kudai haki, na askari mzungu wa jeshi la taifa amempakata kichwa, akimnywesha maji kwa chupa yake mwenyewe.

"Tutaitundika Ulaya na Afrika, Bi. Gaithers. Watu waone nchi yetu ina moyo."

"Moyo upo," alisema Vernell. "Yule kijana alilia. Nilikuwa pale."

Hakusema uongo. Picha ile ilimtia fahari. Lakini dakika tano baada ya picha kupigwa, polisi wa wilaya walimburuta Odell hadi jela, na leo ilikuwa siku ya tisa. Kidonda cha kichwani alichokipata siku ile kilikuwa kimetunga usaha. Jana, kupitia nondo za dirisha, hakumtambua mama yake.

"Basi mtoeni."

"Jela ni ya wilaya. Mimi ni mtu wa picha tu."

Ozella, jirani wa Vernell, aliyekuwa akikunja mashuka, akacheka bila furaha. "Msikie huyu. Anataka kumfikisha Odell Paris, na hapo mtaa wa pili kumtoa hawezi."

Prentiss akainamisha macho, akasogeza fomu ya ruhusa ya kuitumia picha. Vernell hakuigusa.

"Simu iko kwa mchungaji, nyumba ya pili. Nenda ukawaambie wakubwa wako kwamba dunia itauliza kijana wa kwenye picha yuko wapi siku hizi."

Akaenda. Vernell alipiga pasi shati lile lile mpaka likanuka kuungua. Prentiss alirudi jasho linamtoka.

"Daktari ataruhusiwa kuingia saa kumi. Kumtoa, watu wa wilaya wamekataa. Nitajaribu tena kesho."

"Kesho anaweza asiwepo."

"Najua, mama."

Vernell akaketi, akachukua kalamu, akaandika polepole neno moja: Vernell.

"Hujamaliza," alisema Prentiss.

"Karani mzungu wa mahakama huniita hivyo tu, kama anavyowaita Weusi wote. Tangu niolewe hajanipa jina la pili hata siku moja. Gaithers ni la Odell. Akiuvuka mlango huu akiwa mzima, nitaliandika."

Akavaa kofia yake ya kanisani, akatoka kwenda kumngoja daktari mlangoni mwa jela.